Habu ya nyuma ya baiskeli ya mlima yenye gia moja: yanayosemwa na yaliyo kweli

Baiskeli nyingi za mlima tunazonunua za mtumba zilianza na gia ishirini na moja, zikaishia na moja. Kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni hugonga jiwe, kikapinda, kikaingia kwenye spoku. Kipya hakipatikani, basi fundi anafupisha cheni na safari inaendelea. Wapo pia wanaotaka gia moja kwa hiari yao, kwa sababu haina cha kuharibika porini. Wote hao watakuja kusumbuliwa na kifaa kimoja, nacho ni habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Nimeshinda muda mrefu kwenye vibanda vya mafundi nikisikia ushauri kuhusu habu hiyo, na mwingi wake umewagharimu watu fedha na magoti.

"Gia moja haina mambo mengi, habu yoyote itafaa"

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 80 asimame kwa uzito wake wote juu ya pedeli moja. Krenki, yaani mkono unaoshika pedeli, iwe na urefu wa milimita 175 na imelala sambamba na ardhi, sproketi ya mbele (duara la meno linalovuta cheni) iwe na meno 32. Hapo cheni inavutwa kwa nguvu ya karibu nyutoni 2,100, kana kwamba umening'iniza juu yake magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia. Na mikono bado haijavuta usukani! Mwenye gia nyingi akiuona mlima hubadilisha, akakaa kitini, akazungusha miguu haraka kwa nguvu ndogo. Anayepanda milima ya Usambara kutoka Mombo kwenda Soni kwa gia moja hana pa kukimbilia. Anasimama, anavuta usukani, anakanyaga polepole, na kila kanyagio linaifikia habu kama pigo.

Ila wapo wanaovuka mpaka upande wa pili, wakidai habu ya gia moja hubeba msokoto (nguvu ya kuzungusha) kuliko habu zote. Si hivyo. Kwa mkanyago uleule wa kilo 80, sproketi ya nyuma ya meno 20 huipa habu msokoto wa nyutoni-mita 86 hivi. Baiskeli ya gia nyingi ikiwa kwenye sproketi yake kubwa ya meno 50 ingepata zaidi ya 210. Tofauti ni kwamba mwenye meno 50 nyuma hana haja ya kukanyaga kwa nguvu hiyo, na wewe unayo haja kila mlima. Kwa hiyo usitafute habu ya maajabu. Tafuta inayostahimili mapigo mazito yanayojirudia mara elfu.

"Ikishika haraka ndiyo imara"

Hii ndiyo inayouza habu za bei mbaya kuliko nyingine zote. Ndani ya habu kuna vikucha vinavyodaka meno unapokanyaga na kuyaachia unapotulia. Ukigawa digrii 360 kwa idadi ya sehemu za kudaka, unapata umbali ambao sproketi ya nyuma inaweza kuzunguka bure kabla ya kushika: sehemu 24 ni digrii 15, sehemu 72 ni digrii 5, sehemu 120 ni digrii 3. Kushika haraka kuna raha yake. Ukiwa katikati ya mawe na huwezi kuzungusha pedeli duara zima, nusu ya kanyagio inatosha kukusogeza. Mimi mwenyewe naipenda hali hiyo.

Lakini raha hiyo haihusiani na kudumu. Mduara ni uleule. Ukichonga meno mengi zaidi ndani yake, kila jino linakuwa dogo zaidi. Baadhi ya watengenezaji hukwepa tatizo hilo kwa kuweka vikucha sita vinavyopokezana, vitatu vishike sasa na vitatu hatua inayofuata. Idadi inapendeza kwenye tangazo, ilhali mzigo unabebwa na nusu ya vikucha. Chembe moja ya mchanga ikikaa katikati, kikucha kinashika ncha ya jino badala ya shina, na ncha hukatika. Pedeli inaanguka ghafla chini ya mguu, goti linapiga usukani au kifua kinaupiga.

Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: ni meno mangapi yanabeba mzigo kwa wakati mmoja? Habu za DT Swiss za mfumo wa pete mbili zinazotazamana hushika kwa meno yote mara moja. Pete hizo zipo za meno 18, 36 na 54, yaani digrii 20, 10 na karibu 7. Kampuni ya Chris King nayo hutumia pete za meno 72 zinazoumana zote kwa pamoja, ila bei yake inahitaji moyo. Kwa mtu wa gia moja ningechagua pete za meno 36 bila kusita: jino bado ni nene, na digrii 10 hazimnyimi mtu mlima. Zaidi ya hapo, pete hizo huvuliwa kwa mkono, husafishwa na kurudishwa barabarani, jambo ambalo vikucha vyenye springi nyembamba kama nywele havikuruhusu.

Kuhusu mlio, wapo wanaosema habu inayopiga kelele kama nzige ndiyo yenye nguvu. Mlio unatokana na springi, umbo la tundu la habu na unene wa grisi. Haupimi chochote.

"Jaza grisi, itadumu"

Kwenye gololi, ndiyo, weka grisi ya kutosha. Kwenye vikucha, hapana. Grisi nzito ya magurudumu ya gari huvigandisha vikucha, visiinuke kwa wakati, na asubuhi ya baridi mlimani hali huwa mbaya zaidi. Habu yangu iliwahi kufanyiwa sevisi ya namna hiyo kwa nia njema kabisa. Kilomita chache baadaye nilisimama kukanyaga, pedeli ikazunguka bure kisha ikadaka kwa kishindo. Nilipoifungua, vikucha viwili kati ya vitatu vilikuwa vimelala ndani ya grisi na kimoja kilichobaki kilikuwa kimepasuka. Tumia grisi nyepesi au mafuta mazito kidogo, kwa kiasi cha kupaka tu.

"Beringi zilizofungwa hazihitaji matunzo"

Kufungwa maana yake ni mpira mwembamba unaoziba pande mbili, basi. Maji ya kuoshea kwa presha huupita mpira huo. Vivyo hivyo kivuko cha mto ukiwa umetoka kuteremka kwa breki: habu ina joto, inapoa ghafla majini, na hewa ya ndani ikisinyaa huvuta maji. Tofauti kubwa na gololi za kizamani ni namna kila moja inavyokufa. Gololi zisizofungwa, kwa kawaida tisa za robo inchi kila upande wa nyuma, unaweza kuzisafisha, kuzibadilisha zote kwa pamoja na kurekebisha koni, yaani nati zinazobana gololi, kwa spana mbili nyembamba. Ukichelewa, bakuli la ndani ya habu hutoboka vidoa, na bakuli hilo kwa kawaida halibadilishwi, habu imekwisha. Beringi zilizofungwa hazirekebishwi, lakini zikichoka unazigonga zitoke na kuweka nyingine, habu inabaki nzima.

Ndiyo maana kabla ya kununua habu nataka kujua namba za beringi zake. Namba huandikwa ubavuni. 6000 ina tundu la milimita 10, 6001 la milimita 12, 6902 la milimita 15. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja tundu. Habu yenye 6001 utaihudumia kwenye duka lolote la beringi za mashine, maana namba hiyo haikubuniwa kwa ajili ya baiskeli. Ukifika dukani omba zenye herufi 2RS, yaani mpira pande zote mbili. Zenye ZZ zina bati lisilogusa pete ya ndani, na vumbi letu jekundu halihitaji mwaliko.

"Ekseli zote ni chuma, zinafanana"

Unene ukiongezeka kidogo unaleta mabadiliko makubwa, kwa sababu ugumu wa chuma dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Ekseli ya milimita 14, kama za baiskeli za BMX, ni ngumu karibu mara nne kuliko ya milimita 10. Hata hivyo unene peke yake hausemi yote, kwani mahali beringi ilipokaa pana uzito uleule.

Kwenye habu za zamani ambazo friwili (furushi la sproketi lenye vikucha vyake ndani) ya gia sita au saba hukazwa kwa hesi, beringi ya kulia imejificha ndani kabisa, mbali na fremu. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila mhimili, na hapo ndipo hupinda au kukatika. Shimano walipotoa habu ya kaseti, ambayo sproketi huvalishwa kwenye ngoma iliyo sehemu ya habu, mwaka 1978 waliisogeza beringi hiyo nje, karibu na fremu, na tatizo likapungua sana.

Ukigeuza habu ya zamani kuwa ya gia moja na kuacha nafasi tupu mahali pa sproketi zilizoondolewa, umebaki na udhaifu uleule. Mwambie fundi ahamishe baadhi ya spesa (pete za kujaza nafasi kwenye ekseli) za upande wa kulia kwenda kushoto, kisha alivute rimu katikati upya kwa spoku. Faida yake ni mbili. Ekseli inapata mhimili karibu, na spoku za pande zote hukazwa karibu sawa. Katika gurudumu la gia nyingi, za kushoto huwa zimelegea kuliko za kulia. Habu iliyotengenezwa mahususi kwa gia moja inakupa usawa huo tangu kiwandani.

Friwili ya sproketi moja inayokazwa kwa hesi ni chaguo la heshima na la bei nafuu. Paka grisi kwenye hesi kabla ya kuikaza, kwani kila mlima utaikaza zaidi, na zile za mapengo manne huvunjika midomo fundi akijaribu kuzifungua.

Wenye habu ya kaseti ya alumini nao wana adui wao: sproketi nyembamba ya kukatwa kwenye bati. Haifiki milimita mbili, na mvuto wote huo wa cheni huifanya izame kwenye mifuo ya ngoma kama kisu kwenye sabuni. Nunua sproketi yenye kitako kipana, milimita nne au zaidi, au chukua habu yenye ngoma ya chuma, kama nyingi za Shimano za daraja la Deore.

Wazee hutusifia habu za breki ya kurudisha pedeli nyuma, wakisema hakuna kilichowahi kuzishinda. Barabarani, ni kweli. Mlimani historia inasema vingine. Vijana wa Marin, California, walioanza mbio za kuteremka mlima mwaka 1976 walitumia habu za aina hiyo, na grisi yake iliungua kwa joto kiasi kwamba baada ya mteremko ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Njia hiyo ikaitwa Repack kwa sababu hiyohiyo.

Pima upana wa fremu kabla ya yote: milimita 135 kwa nyingi za zamani, 142 au 148 kwa zenye ekseli ya kupenya ya milimita 12. Usikubali fremu ya alumini ipanuliwe kwa nguvu. Kama ekseli hukaa kwenye mipasuo ya mlalo, chagua ya nati, kwa sababu mkono wa kufunga haraka huachia upande wa kulia utembee mbele na tairi likasugua fremu kushoto.

Na ikiwa habu ni ya mtumba, shika ncha za ekseli kwa vidole, izungushe taratibu ukiwa umefumba macho. Ukisikia punje, hata moja, rudisha mezani.