Rimu kubwa kwenye gari lililoshushwa: maneno ya gereji na ukweli wake

Mwanza ni jiji la vilima na mawe, na bado lina watu wengi wanaopenda gari lilale. Jioni ukipita Capri Point au Barabara ya Kenyatta utakutana na Crown Athlete, Mark X, BMW za 5 Series na Benzi za E-Class zimeshushwa, rimu za inchi 19 au 20 zinang'aa. Nazipenda gari hizi kweli. Ndiyo maana inaniuma kusikia gari zuri likikwaruza matairi kila linapokata kona ya kupanda Isamilo, na mwenyewe ameshaambiwa, "Ndivyo zilivyo, bosi." Sivyo zilivyo. Gari lililofungwa rimu kubwa kwa hesabu halikwaruzi. Kinachoharibu ni maneno machache yanayozunguka gereji zetu bila mtu kuyapima.

"Rimu kubwa inainua gari, kwa hiyo hata ukishusha springi unakuwa umefidia"

Kinachoinua gari ni urefu wa tairi zima, siyo rimu. Chukua Crown Royal Saloon yenye tairi la 215/60R16, yaani upana milimita 215, ubavu asilimia 60, rimu inchi 16. Ubavu ni asilimia 60 ya 215, yaani milimita 129. Juu na chini inakuwa 258. Inchi 16 ni milimita 406.4. Jumla 664.4. Sasa weka rimu ya inchi 20 na tairi la 225/35R20: ubavu milimita 78.75, mara mbili 157.5, jumlisha 508 za rimu, unapata 665.5. Tofauti ni milimita moja. Gari halijapanda wala kushuka.

Anayechukua 245/40R20 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani anapata tairi lenye urefu wa milimita 704. Hapo gari linapanda kama milimita 20, lakini nafasi kati ya tairi na madigadi inapungua milimita 20 hizohizo, kwenye gari ambalo springi zilishakula nafasi tayari. Na dashibodi inaanza kudanganya: ikisoma 80, gari linakwenda karibu 85.

Hata ukipatia hesabu, kuna kitu umekitoa. Ubavu umetoka milimita 129 hadi 79. Hizo 50 zilizopotea zilikuwa upepo na mpira wa kupokea shimo kabla halijaifikia rimu. Kwenye lami safi hutaona tofauti kubwa. Kwenye barabara za mawe za mitaa ya vilimani, au baada ya mvua za vuli kushusha mchanga na kokoto hadi barabarani, utaiona siku ya kwanza: rimu inapinda, au tairi linatoa nundu ubavuni. Tairi lenye nundu halizibwi wala halipelekwi kwa fundi pancha. Nyuzi za ndani zimekatika, linatupwa.

Kwa mtu anayeishi mlimani na kulala na gari hukohuko, mimi ningemwambia aishie inchi 18. Athlete yenyewe ilitoka kiwandani na 225/45R18 na hakuna aliyewahi kuiita mbaya.

"Ikigusa, tunaweka speisa"

Hili ndilo linalopoteza hela nyingi kuliko yote, kwa sababu watu wengi huangalia inchi na kusahau ofseti. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu, kile kitovu cha gari kinachofungiwa rimu. Imeandikwa kwa milimita nyuma ya rimu yenyewe, kwa mfano ET45 au ET30. Ikiwa ndogo, tairi linatoka nje. Ikiwa kubwa, linaingia ndani kuelekea shokapu.

Tuseme gari lina rimu ya 8J ET45 (8J ni upana wa inchi 8), na wewe umeletewa ya 9J ET30. Upana wa inchi 8 ni milimita 203. Nusu yake, toa 45, ukingo wa nje unasimama milimita 57 kutoka kwenye habu. Upana wa inchi 9 ni milimita 229. Nusu yake, toa 30, unapata 84. Rimu mpya imetoka nje milimita 27 hadi 28 zaidi ya ya zamani. Upande wa ndani haijasogea karibu na shokapu hata kidogo, imebaki na milimita mbili tatu zaidi. Kwa hiyo gari hili likigusa, litagusa kwenye fenda. Na speisa, kile kisahani cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu, kazi yake ni moja tu: kusukuma rimu nje. Fundi akiongeza speisa ya milimita 15 hapo, amelipeleka tairi kulekule linakogusa.

Speisa inasaidia pale tu tairi linapogusa shokapu au mkono wa ndani. Na hata hapo, nati lazima iingie kwenye nyuzi za kutosha. Ukiona inashika mizunguko mitatu au minne halafu inagota, usiliendeshe gari hilo hadi upate bolti ndefu zaidi.

Kabla ya kulipa hela yoyote, fanya jaribio hili. Omba wafunge rimu moja mbele na moja nyuma, upande mmoja. Paka chaki nyeupe kwenye upindo wa ndani wa fenda na kwenye plastiki ya ndani ya madigadi. Pakia watu wanne wazima, wawili wakae nyuma. Kunja usukani hadi mwisho kulia, tembea taratibu, kunja hadi mwisho kushoto, kisha panda tuta kwa pembe, tairi moja litangulie. Shuka uangalie. Pale chaki ilipofutika ndipo tairi linapogusa, na hapo mnaongea na fundi mkiwa na ushahidi wa macho. Gari likiwa tupu, limesimama gereji, halikwambii kitu; wengi hugundua siku wanapopakia familia kwenda Misungwi.

"Matundu yakiingia, rimu imekaa"

Toyota nyingi za kifahari zina matundu matano kwenye duara la milimita 114.3, na tundu la katikati la 60.1. Benzi ni tano kwa 112, katikati 66.6. BMW za miaka ile tunazozijua zaidi ni tano kwa 120, katikati 72.6 kwa nyingi. Kati ya 112 na 114.3 tofauti ni ndogo kiasi kwamba fundi mwenye nguvu anaweza kuilazimisha rimu ya Benzi kwenye Crown. Nati zinaingia zimelalia upande, bolti zinavutwa kila gurudumu linapozunguka, na siku moja inakatika. Kutoboa matundu upya au kuyapanua kwa drili ni hatari ileile.

Tundu la katikati nalo halina huruma. Rimu ikiwa na 72.6 na habu ikiwa na 60.1, inahitaji pete ya kuziba nafasi hiyo, ya saizi kamili. Bila pete, mjini hutahisi kitu. Utahisi siku unapovuka Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo na Busisi, ukaachia mwendo kuelekea Sengerema: ukifika 90 hivi usukani unaanza kutetemeka. Watu hurudi kulipia balansi, kusawazisha uzito wa gurudumu, mara ya pili na ya tatu, na balansi haina kosa. Pete ni kitu cha bei ndogo kabisa.

Angalia na nati. Rimu nyingi za Toyota za kiwandani zinatumia nati zenye washa bapa. Rimu nyingi za kununua zinataka nati zenye ncha ya koni. Nati bapa kwenye tundu la koni haikazi, hata ukining'inia kwenye spana.

"Kata springi mizunguko miwili, ni kitu kimoja"

Si kitu kimoja. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi lakini inabaki na safari fupi, mwisho wake haukai vizuri kwenye kikombe, na shokapu lile la kawaida linagonga mwisho kila shimo. Ukiichoma kwa gesi ni mbaya zaidi, chuma kinapoteza ukakamavu wake na gari linaendelea kushuka lenyewe, upande mmoja kuliko mwingine. Kama hela ya springi fupi za kununua haijapatikana, acha gari juu kwa sasa, vaa rimu tu.

Na gari likishuka, sehemu ya juu ya tairi huinamia ndani. Lazima alaimenti, yaani kunyoosha pembe za matairi, ifanyike upya. Usipofanya, tairi linaliwa upande wa ndani usioonekana: nje linang'aa kama jipya, ndani waya ziko wazi.

"Punguza upepo ili gari liwe laini"

Hapana. Tairi la ubavu mfupi lina hewa kidogo ndani, kwa hiyo linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule. Namba baada ya saizi inasema uzito wenyewe: 95 ni kilo 690 kwa tairi, 90 ni kilo 600. Ukitoka tairi la 95 kwenda la 90 umepunguza kilo 90 kila pembe ya gari. Linganisha na kibandiko cha kiwandani mlangoni, na kwa rimu kubwa tafuta tairi lenye alama ya XL, yaani lililoimarishwa kubeba uzito zaidi. Ukinunua mtumba, soma namba nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Wapo pia wanaosema tairi pana linashika zaidi muda wote. Kwenye lami kavu, sawa. Kwenye maji yanayoteremka kutoka Bugando mvua ikipiga, tairi pana huelea mapema kuliko jembamba, na likiwa limeisha kashata, ile michoro ya juu, ni balaa.

Ukishafunga kila kitu, nati zikazwe kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa mtindo wa nyota, yaani kurukia upande wa pili badala ya kufuata mzunguko. Kwa Toyota nyingi za bolti za milimita 12 ni kama nyutonimita 103. Kisha zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Safari ya Magu na kurudi inatosha kabisa kuzifikisha hapo.