Rosa Parks hakuwa bibi aliyechoka miguu

Kisa chake kimesimuliwa hivi miaka nenda miaka rudi: mama mzee Mweusi, mshona nguo, katoka kazini hoi, kakataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi mjini Montgomery, Marekani, akakamatwa. Miguu ilimuuma, basi.

Uzee wenyewe uko wapi? Siku ile, tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alikuwa na miaka 42. Kushona alikuwa akishona kweli, lakini tangu 1943 alikuwa pia katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Mwaka 1944 alikwenda mji wa Abbeville kufuatilia kesi ya Recy Taylor, mwanamke Mweusi aliyebakwa na vijana Wazungu. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwili haukuwa umechoka kuliko kawaida. Alichochoka ni kunyenyekea.

Alipofariki mwaka 2005, karatasi zake zilifungiwa ghalani kwa miaka kadhaa huku watu wakivutana juu ya urithi. Leo ziko Maktaba ya Bunge la Marekani: hati zipatazo 7,500 na picha kama 2,500, na nyingi zinasomwa bure kwenye intaneti. Humo ameandika kwa mkono wake jinsi alivyokamatwa. Humo pia kuna bahasha kuukuu, na nyuma yake kaandika namna ya kupika chapati za maji zenye siagi ya karanga. Mimi ningeanza na bahasha hiyo, kisha nirudi kwenye yale maandishi ya kukamatwa. Mwandiko ni uleule.