Kazi ni Ile Ile, Jina Limebadilika

Katika maonyesho ya kilimo ya Nane Nane, uwanja wa John Mwakangale hapa Mbeya, mtaalamu wetu wa udongo, binti, alikuwa mezani akitikisa chupa yenye udongo wa shamba la kahawa la Mbozi, apime asidi. Mzee mwenye shamba akampita, akamwendea dereva wetu: "Samahani kijana, mtaalamu yuko wapi?"

"Ndiye huyo, mzee."

Mzee aliomba radhi kwa moyo, akaandikiwa kiasi cha chokaa cha kupunguza asidi hiyo. Nami nikamkumbuka Ben Barres, mwanasayansi wa ubongo.

Barres alizaliwa Marekani mwaka 1954, akaitwa Barbara, akalelewa kama msichana. Akisoma MIT, chuo kikuu cha teknolojia, yeye peke yake ndiye aliyetatua swali gumu la hesabu katika darasa kubwa lililojaa wanaume. Profesa akamwambia bila shaka mpenzi wake ndiye aliyemfanyia. Baadaye alinyimwa ufadhili, akapewa mwanamume mwenye makala moja kubwa ya utafiti. Yeye alikuwa nazo sita.

Mwaka 1997, akiwa tayari mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, alibadili jinsia akaishi kama mwanamume kwa jina la Ben, wala hakuficha. Ndipo mtu mmoja akasikika akisifu mhadhara wa Ben, akiongeza kwamba kazi yake ni bora kuliko ya dada yake. "Dada" huyo alikuwa Barres mwenyewe.

Sisi wa kilimo tunaielewa hoja hii upesi. Ukitaka kujua kama chokaa inasaidia, unagawa shamba moja vipande viwili: mbegu ile ile, mvua ile ile, unabadilisha kitu kimoja tu. Wanawake wengi wanaodharauliwa kazini huambiwa wanajihisi. Barres aliyaonja maisha ya pande zote mbili, na mwaka 2006 akayaandika katika jarida la sayansi la Nature, akiwajibu waliodai wanawake wamepungukiwa kipaji cha kuzaliwa.

Kazi yake kubwa ilihusu glia, seli za ubongo zilizodhaniwa kuwa gundi tu. Maabara yake ilionyesha kwamba husaidia seli za neva kuungana. Mwaka 2013 aliingia Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, wa kwanza aliyejulikana wazi kuwa amebadili jinsia. Alifariki mwaka 2017 kwa saratani ya kongosho.

Kiswahili husema "amepima" bila kujali ni mke au mume, lakini macho yetu hujali. Kwa hiyo ripoti za wanafunzi wa mazoezi nazisahihisha kwa namba, majina nimeyaondoa. Na maabara, ambako wasichana walizoea kuachiwa daftari, aliyeandika leo kesho anashika pipeti, kifaa cha kupimia vimiminika.