Je, wajua kwa nini upepo wa ubavuni huitesa ndege ndogo zaidi baada ya magurudumu kugusa ardhi?

Ndege ndogo ya injini moja, kama vile Cessna 172, inapotua huku upepo wenye mapigo ukivuma kutoka ubavuni, mara nyingi mkasa hautokei angani. Hutokea sekunde chache baada ya magurudumu kugusa ardhi: ndege hupinda ghafla, hutoka nje ya njia ya kutua, na pengine ncha ya bawa hukwaruza chini. Kwa nini imponyoke rubani wakati tayari imekwisha kufika?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba upepo huikandamiza ndege ubavuni tangu ikiwa juu, kama unavyomkandamiza mwendesha bodaboda anayevuka daraja, na kwamba rubani huupinga kwa nguvu hadi anapotua. Dhana hiyo si sahihi, na kosa lake ndilo lenye jibu. Mwendesha bodaboda huuhisi upepo kwa sababu matairi yake yameshika lami, nayo lami haiendi na upepo. Ndege iliyo angani haikushika kitu kingine isipokuwa hewa, na hewa hiyo yote imo safarini. Upepo ukivuma kwa kasi isiyobadilika, abiria aliyefumba macho hawezi kutambua unatoka upande gani.

Mfikirie sisimizi anayetembea juu ya mkeka, huku mtu akiuvuta mkeka huo taratibu kuelekea kushoto. Sisimizi hasukumwi na chochote, na hatua zake ni zilezile. Ila akitaka kuufikia mguu wa kiti ulio mbele yake, hana budi kuelekeza kichwa kulia kidogo na kwenda mshazari. Rubani hufanya vivyo hivyo. Akiikaribia njia kwa kasi ya noti 65, yaani kilomita 120 kwa saa, upepo wa ubavuni wa noti 15 humlazimu kugeuza pua ya ndege takriban nyuzi 13 kuuelekea upepo. Ndege kubwa inayokuja kwa noti 140 huhitaji nyuzi 6 tu katika upepo uleule, na hapo ndipo udogo, au tuseme upole wa mwendo, unapokuwa mzigo.

Sasa sisimizi anatoka mkekani na kukanyaga sakafu. Kufumba na kufumbua, kilichokuwa mwendo wa kawaida kinakuwa msukumo wa kweli. Matairi yasipoelekea kule ndege inakokwenda, huburutwa kiubavu. Na katika ndege yenye gurudumu dogo mkiani, ambayo sehemu kubwa ya uzito wake iko nyuma ya magurudumu makuu, uzito huo hutaka kutangulia mbele na kuizungusha ndege. Kwa hiyo kabla tu ya kugusa, rubani huinyoosha pua kwa usukani wa mkiani na kulaza kidogo bawa la upande unakotoka upepo, ili ndege isipeperuke kando.

Hata akifaulu, kazi haijaisha. Bapa la wima la mkiani hushika upepo na kuivuta pua iuelekee, nao usukani unaopaswa kuizuia unapoteza nguvu, kwa kuwa nguvu ya hewa hufuata mraba wa kasi: mwendo ukipungua kwa nusu, hubaki robo tu. Ndege inazidi kupunguza mwendo, lakini upepo haupungui pamoja nayo.

Mapigo ya upepo ni sawa na mkeka kuvutwa kwa kushtukiza, na hapa sharti nirekebishe niliyosema juu: upepo unaobadilika ghafla huisukuma ndege hata angani, kwa sababu uzito wake huichelewesha kuufuata. Pigo likiongeza kasi ya hewa juu ya mabawa kutoka noti 50 hadi 60, mabawa yakiwa katika pembe ileile, nguvu ya kuinua huongezeka kwa asilimia 44. Ndege iliyokwisha kugusa inaweza kunyanyuka tena, kisha pigo likatike na kuiangusha ikiwa imekaa upande.

Kitabu cha Cessna 172 hutaja noti 15 za upepo wa ubavuni, lakini kiasi hicho ni kile kilichothibitishwa katika majaribio, si mpaka usiovukika. Vilevile upepo anaotangaziwa rubani huwa ni wastani wa dakika mbili, tena uliopimwa mahali ambapo huenda si pale magurudumu yatakapogusa, kwa hiyo ripoti ya ajali inayolitaja pigo fulani kuwa chanzo husomwa kwa tahadhari.

Katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi, wenye ndege ndogo nyingi, njia mbili zimepishana kwa karibu nyuzi 70, hivi kwamba upepo unaoikata moja kabisa huikata nyingine kwa takriban theluthi ya nguvu zake. Pasipo na njia ya pili, rubani anayeona pua haijanyooka huongeza nguvu za injini, hupaa tena na kuzunguka. Na anayetua salama huendelea kuukunja usukani wa mabawa kuuelekea upepo, akiuzidisha kadiri mwendo unavyopungua, mpaka ndege isimame.