Kazi ndogo za uani na utulivu wa akili: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kupumzika ni kukaa.
Akili iliyosongwa na mawazo huweza kukaa kitini saa nzima isitulie. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio moja: watu walitiwa msongo makusudi, kisha baadhi wakashughulika bustanini kwa dakika 30, wengine wakasoma ndani. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa wote, ila zaidi kwa waliokuwa bustanini. Washiriki wote, hata hivyo, walikuwa wapenda bustani tangu awali. Anayechukia udongo asitarajie muujiza.

Dhana: Huwezi kutulia mpaka uani kote kumalizike.
Hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Uani hakuishi: ukifika mwisho, magugu yameshaota ulikoanzia. Chagua kipande cha mita 2 kwa 2, au njia moja tu ya kufagia, jiwekee nusu saa, na muda ukiisha rudisha vifaa hata kama gugu moja linakutazama. Kipande kidogo kilichokwisha huonekana. Uwanja uliofanywa nusunusu hukuachia deni kichwani.

Dhana: Kung'oa magugu kunataka nguvu.
Kunataka unyevu. Ng'oa baada ya mvua, au mwagilia jioni ukang'oe asubuhi. Shika shina pale linapogusana na udongo, litikise kidogo, kisha vuta polepole kuelekea juu. Ukishika majani litakatika, mzizi ubaki, na wiki ijayo utalikuta palepale. Ndago ni kesi nyingine: ina vinundu ardhini, na ukiivuta hubaki huko vikachipua upya. Ichimbue pamoja na udongo wake, uvichambue vinundu kwa mkono. Ni kazi ya taratibu, na huenda ndiyo inayotuliza kuliko zote.

Dhana: Mgongo ukiuma, umefanya kazi kweli.
Mara nyingi mpini ni mfupi. Mpini wa fagio au reki ukikufika kidevuni, huna haja ya kuinama. Badilisha mkono wa mbele kila dakika chache, maana kujipinda upande mmoja tu ndiko kunakochosha kiuno. Kwa kazi za chini, piga goti moja juu ya gunia lililokunjwa. Jembe butu nalo hukulazimisha kupiga kwa nguvu: pitisha tupa kwenye makali kabla ya kuanza.

Dhana: Kumwagilia mchana huunguza majani.
Matone juu ya majani laini, yasiyo na vinyweleo, hayayaunguzi. Hasara yake ni maji kukauka kabla hayajafika mizizini. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, ukitua kila udongo unapoanza kutuamisha maji. Lita 25 kwa mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 25. Mimea mingi ya bustani hutosheka nazo kwa wiki, isipokuwa kwenye joto kali au udongo wa kichanga.