Leseni ya kinu cha nyuklia maana yake nini?

Mkaa ukiumwagia maji unazimika, basi. Urani, fueli ya kinu cha nyuklia, haizimiki hivyo. Fito za kudhibiti zikiingizwa ndani ya kinu, mpasuko wa atomi husimama kwa sekunde chache tu, lakini masalia ya atomi zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa joto, na joto hilo halina swichi. Mwanzoni hufikia kama asilimia 6 au 7 ya nguvu ya kinu. Kwa kinu cha megawati 3,000 za joto, hizo ni karibu megawati 200 zinazotaka kupozwa hata kama gridi yote iko gizani.

Tathmini ya usalama kwa sehemu kubwa inazunguka hapo. Maji yatafika vipi? Pampu itaendeshwa na nini? Na hicho kikigoma, je? Anayetakiwa kujibu ni kampuni inayoomba leseni. Mdhibiti, yaani chombo cha serikali kinachotoa leseni, halazimiki kuthibitisha kuwa kinu ni cha hatari. Mwombaji ndiye wa kuonyesha kuwa ni salama, na huonyesha kwa ripoti ya maelfu ya kurasa: udongo wa eneo, matetemeko, unene wa vyuma, mafunzo ya waendeshaji. Mdhibiti huisoma, hupiga hesabu zake mwenyewe, kisha hurudisha maswali. Kazi hiyo huchukua miaka, na wanaolalamika kwamba ni urasimu mtupu wasisahau zile megawati 200.

Kuna kanuni moja ya zamani: chukulia kwamba siku ya ajali kifaa kimoja muhimu, chochote kile, kimekataa kufanya kazi. Kinu lazima kipoe hivyo hivyo. Ndiyo maana jenereta ya dharura haiwi moja.

Kanuni nzuri, ila ina mwanya, na kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, kiliuonyesha. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilikata umeme wa nje. Vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vikajizima, jenereta za dizeli zikawaka, kila kitu kama kilivyoandikwa. Haikutimia saa moja, bahari ikaja. Hesabu za kituo zilikuwa za wimbi la mita 5.7, maji yalifika karibu mita 15. Jenereta nyingi zilikuwa zimewekwa chini, kwenye vyumba vya ghorofa ya chini ya ardhi, na maji yale yale yakazifunika pamoja. Unaweza kuwa na jenereta kumi, lakini zikikaa kwenye shimo moja, mbele ya mafuriko ni sawa na moja. Fueli ndani ya vinu vitatu iliyeyuka. Kituo kingine cha Japani, Onagawa, kilichokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kilijengwa kwenye kiwanja cha karibu mita 14 juu ya bahari, na kilizimwa salama.

Kwa hiyo leseni si cheti cha kwamba ajali haitatokea. Ni ruhusa yenye masharti: nguvu isizidi kiasi fulani, pampu fulani ikiharibika irekebishwe ndani ya muda fulani la sivyo kinu kizimwe. Ina mwisho pia. Marekani hutoa miaka 40, kisha huongeza 20 kwa 20 baada ya ukaguzi. Afrika Kusini, leseni ya kinu cha kwanza cha Koeberg ilikuwa iishe Julai 2024, ikaongezwa hadi 2044.

Anayetoa leseni asiwe ndiye anayeinadi nyuklia. Marekani ilitenganisha kazi hizo mbili mwaka 1975. Japani ilingoja hadi baada ya Fukushima: idara ya usalama ilikuwa chini ya wizara iliyokuwa ikipigia debe nyuklia, na mamlaka mpya ikaundwa Septemba 2012. Kenya, ambayo bado haina kituo cha umeme wa nyuklia, tayari ina mamlaka ya udhibiti iliyoundwa kwa sheria ya 2019, kando ya wakala unaosukuma mpango wa ujenzi. Kwenye karatasi, mpangilio ni huo unaotakiwa.

Wakati mwingine kinachokwamisha leseni hakimo hata ndani ya uzio. Kinu cha Shoreham, kwenye kisiwa cha Long Island karibu na New York, kilikamilika na kujaribiwa kwa nguvu ndogo, asilimia 5. Lakini baada ya ajali ya 1979 kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani ilidai kila kituo kiwe na mpango wa kuwahamisha watu. Mwaka 1983 serikali ya kaunti ilitazama barabara zake, ikatazama ramani ya kisiwa, ikasema watu hawawezi kuondolewa salama. Mvutano ulidumu miaka. Kinu kilichogharimu zaidi ya dola bilioni 5 kilifungwa mwaka 1989 na baadaye kikabomolewa, bila kuwahi kufanya biashara ya umeme.