Maji, adhana na karafuu: wanayoyakosea wageni wa Unguja na Pemba

Wageni wengi wanaovuka kutoka Dar es Salaam, Mombasa na mbali zaidi hurudi kwao na picha mia tatu, lakini hawamkumbuki kwa jina mwenyeji hata mmoja. Wakiulizwa sababu hutaja bei, au haya ya Wazanzibari. Mara nyingi kilichowakosesha ni saa tu. Watu wa visiwani hufuata maji, adhana na msimu, na asiyezijua saa hizo hufika mahali wakati wenyewe wako kwingine.

Dhana: "Bahari ya mashariki imekauka, tumedanganywa."

Malalamiko haya husikika Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe mwaka mzima. Upande wa mashariki wa Unguja una tambarare pana ya mchanga na mawe kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe. Maji yakipwa, mtu hutembea mbali sana bila kulowa magoti. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, hakuna tambarare pana kama hiyo, ndiyo maana kunaogeleka karibu saa zote.

Anayejua mwezi hahitaji kumuuliza mtu wa hoteli. Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani siku mbili tatu za mwanzo wa mwezi wa Kiislamu, kisha kati ya tarehe 14 na 17 hivi. Siku hizo maji hupwa mno, na hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi; hujaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: asubuhi bahari imejaa, nayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki mbali. Siku za bamvua kimo cha maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3; siku za maji mafu tofauti huwa kama mita moja.

Kwa hiyo anayetaka kuogelea Paje siku za bamvua asubiri alasiri. Anayetaka watu aamke mapema, kwa sababu asubuhi hiyohiyo anayoiita "kavu" ndiyo saa ambayo pwani ina kazi. Wanawake wanashuka kwenye mwani, wengine wanachokoa pweza kwenye mashimo ya mawe, watoto wanaokota chaza.

Mwani ulianza kulimwa kwa biashara hapa mwishoni mwa miaka ya 1980. Vigingi viwili hupigwa mchangani, kamba hutandwa kati yake, na vipande vya mbegu hufungwa kimoja kimoja kwa vikamba vidogo. Baada ya wiki sita hivi huvunwa na kuanikwa siku mbili tatu, kisha husafirishwa nje, ambako hutolewa utomvu mzito unaotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Aina inayoitwa kotonii ina bei nzuri zaidi lakini haivumilii joto, hivyo maji ya kina kifupi yakipata moto hugeuka nyeupe na kukatika. Wakulima wengi wamebaki na spinosamu, yenye bei ndogo.

Mgeni huharibu kwa miguu. Anapita juu ya kamba akitafuta picha, mbegu inakatika, na kipande kilichokatika huchukuliwa na mkondo. Pita kwenye njia zilizo baina ya mashamba, vaa viatu visivyochomoka mguuni (wapo wadudu wa miba mirefu myeusi, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyama), na salimu kabla ya kutoa simu. Ukisema "Nikusaidieni kubeba?" utaeleweka vizuri kuliko ukiuliza "Naweza kupiga picha?" Gunia la mwani mbichi ni zito, nawe utapumzika njiani, na mazungumzo huanzia hapo. Na jambo moja la usalama: maji yakianza kurudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, wewe ukiwa bado umesimama kwenye fungu kavu. Wenyeji wakianza kurudi, rudi nao.

Dhana: "Mimi nazungumza Kiswahili, kwa hiyo si mgeni."

Hii ni ya ndugu zetu wa Bara na Kenya, nayo ndiyo inayowaponza zaidi, kwa sababu mzungu husamehewa. Lugha ni moja, lakini mpangilio wake ni mwingine. Kumwendea mzee aliyekaa barazani na kumwambia "Mambo, gari za Makunduchi ziko wapi?" ni sawa na kumpita bila kumuona. Anza na shikamoo na usubiri marahaba. Kwa watu wengi waliokaa pamoja, "Assalaam alaykum" moja inatosha wote, asiye Mwislamu akisema "Hamjambo hapa?" hakuna atakayeona vibaya. Kisha habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto. Dakika moja tu. Baada ya hapo huelekezwi kituo, bali unapelekwa.

Sokoni Darajani maneno nayo yana mitego. Nyanya za kupikia ni tungule. Viazi vya chipsi ni mbatata. Mkate wa dukani ni boflo. Mtego mkubwa ni pilipili hoho, ambayo kwa mtu wa Bara ni ile kubwa isiyowasha. Visiwani hoho ni ile ndogo kali, na isiyowasha ni pilipili boga. Aliyetia hoho sita kwenye kachumbari ya watoto hahitaji kuelezwa mara ya pili.

Ukiwapita watu wanakula wakakwambia "Karibu", si lazima ukae, wala usipite kimya. Jibu ni "Starehe". Neno hilo moja huwafanya watu wainue macho na kukuuliza umetoka wapi.

Makunduchi na Tumbatu ni habari nyingine. Wazee wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, hata Muunguja wa mjini huachwa njiani.

Dhana: "Bila kulipia ziara ya kijiji hutaona maisha ya watu."

Ziara za kulipia si mbaya; baadhi huendeshwa na wanakijiji wenyewe na fedha hubaki pale. Lakini maisha mengi ya Unguja yako nje ya mlango. Baraza ni kiti cha mtaa mzima. Baada ya alasiri kuna kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata za njugu, bao au dhumna, na siasa. Unakaa, unanunua kahawa, unasikiliza kwanza.

Daladala ni baraza lenye magurudumu. Namba 116 inakwenda Nungwi, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi. Nauli ni moja kwa wote, hivyo muangalie jirani anatoa ngapi kabla ya kumpa kondakta noti kubwa. Usiiache ya mwisho ukitegemea nyingine, maana magari ya mashamba huadimika baada ya magharibi.

Kwenye nyumba ya mtu, piga hodi mara tatu. Usipoitikiwa ondoka, usichungulie. Viatu huvuliwa mlangoni. Mwanamume mgeni hukaa pale alipowekwa, hata kama sauti zote za kucheka zinatoka uani. Usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari na majani ya chai zinapokelewa vizuri kuliko fedha taslimu, ambazo zinaweza kumuaibisha mwenyeji. Ukilala kijijini kwa mtu, mwenyeji atataka sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ajue. Si kwamba unashukiwa. Ndivyo shehia zinavyoendeshwa.

Na ipo siku ambayo mlango uko wazi rasmi: Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, Makunduchi, kwenye wiki ya nne ya Julai. Wageni hujaa kuona wanaume wakichapana kwa makuti ya migomba na kibanda kikichomwa moto, kisha hukimbilia magari. Wamekosa nusu ya pili. Siku hiyo ni sifa kwa kila nyumba kupata mgeni wa kula, na kukosa mgeni kunahesabika kuwa nuksi. Ukiitwa, kula.

Dhana: "Ramadhani ni mwezi wa kukwepa."

Mchana ni kweli migahawa mingi ya mitaani hufungwa, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani kunaudhi na kunaweza kumtia mtu mikononi mwa polisi. Hoteli huhudumia wageni ndani. Lakini ngoja jua lichwe. Barabara huwa tupu kwa robo saa hivi, kisha mji unaamka: tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, ndizi mbichi, tambi, kaimati zinazodondoka shira. Huo ndio mwezi ambao mgeni hualikwa kwa wepesi kuliko miezi mingine yote, kwa kuwa kumfuturisha mtu kuna thawabu. Ukialikwa fika kabla ya adhana ya magharibi. Ukichelewa kwa heshima ya kizungu ya dakika kumi utawakuta wameshafuturu.

Dhana: "Ziara ya viungo inakuonyesha mkulima wa viungo."

Inakuonyesha bustani iliyopandwa kila kitu kidogo kidogo ili kionekane kwa saa mbili. Inafurahisha, na watoto hupenda mti wa mrangi, ambao mbegu zake hupaka midomo rangi, ila hakuna anayeishi hivyo. Tahadhari ni kwenye paketi. Zafarani haizalishwi Zanzibar, na ile ya bei ya kutupa kwa kawaida si zafarani. Tia nyuzi mbili kwenye maji vuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole na uzi hubaki mwekundu, ya bandia humwaga rangi papo hapo. Karafuu nzuri ukiibana kwa ukucha hutoa mafuta, na ukiitia majini huzama au husimama wima. Inayolala juu ya maji imeshakamuliwa.

Dhana: "Pemba ni uchawi na vichaka."

Waganga wapo Pemba kama walivyopo Tanga na Bagamoyo. Mgeni anayefika akiuliza habari zao atapewa hadithi anazotaka, na kwa bei. Mwenye macho ataona kisiwa cha vilima na mabonde, Msitu wa Ngezi, popo wakubwa wa Kidike wasiopatikana nje ya Pemba, na, wakati wa kiangazi, mchezo wa ng'ombe, wa kupambana na fahali, ambao haumalizwi kwa kumuua ng'ombe.

Lakini nenda msimu wa karafuu, kwa kawaida kuanzia Julai au Agosti hadi mwanzo wa mwaka. Mavuno hayafanani, mwaka mmoja hujaa na mwingine huwa haba, kwa hiyo uliza kabla hujakata tiketi ya boti ya Mkoani, bandari ya Pemba. Karafuu huchumwa tumba likiwa limeanza kupata wekundu kabla halijachanua; likichanua thamani imeondoka. Wachumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo. Jioni familia hukaa kuzunguka rundo na kuchambua, tumba huku, makonyo (vijiti vyake) kule, na hapo ndipo mgeni anapofaa, maana mikono miwili ya ziada haikataliwi. Asubuhi huanikwa kwenye majamvi siku kadhaa, na wingu likitanda kila mtu hukimbia kuanua, nawe kimbia nao. Usiendeshe gari juu ya majamvi yaliyo kando ya barabara.

Ukipewa karafuu kiganja kimoja za kunukia, sawa. Mfuko mzima kataa kwa upole. Zao hili hununuliwa na shirika la serikali pekee, ZSTC, na kuzitoa kisiwani kwa njia nyingine ni magendo, kesi ambayo itamwangukia mwenyeji wako kabla yako.